Alama za vidole: kompyuta hutafuta, mtaalamu ndiye anayeamua

Mwananchi aliyevunjiwa nyumba, akiona askari wanapaka unga kwenye dirisha, mara nyingi huuliza: "Si mtaingiza tu kwenye kompyuta imtaje mwizi?" Swali hilo ni la haki. Kompyuta inapekua kumbukumbu nyingi kwa muda mfupi, ikarudisha orodha ya watu ambao alama zao zinakaribiana na ile iliyookotwa. Orodha tu. Anayesema alama hii imeachwa na fulani ni mtaalamu aliyekaa na lenzi mbele ya picha mbili, na namna anavyolifikia jibu hilo inamhusu kila raia, kwa sababu mtu anaweza kufungwa kwalo.

Ngozi ya viganja na nyayo ina matuta membamba yenye vitundu vya jasho. Huanza kujengeka mtoto akiwa tumboni, kwenye wiki ya 10 hivi ya mimba, na hata mapacha wa kufanana hutofautiana. Ukijikata juujuu, matuta hurudi vilevile. Jeraha likizama huacha kovu, na kovu nalo tunalisoma. Kazi za saruji au jembe huyasaga kwa muda, ndiyo maana mashine ya kusajili laini ya simu huweza kumkataa fundi mwashi. Mikono ikipumzika, hujitokeza tena.

Kwa umbo la jumla kuna vitanzi, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote, kuna maduara, na kuna matao, ambayo ni machache sana. Umbo peke yake linaweza kumtoa mtu kwenye tuhuma, lakini haliwezi kumtia. Kinachotafutwa ni vitu vidogo zaidi: tuta linalokatika ghafla, tuta linalogawanyika kama njia panda, kipande kifupi kilichosimama peke yake. Mtaalamu huangalia kila kimoja kiko wapi, kimeelekea upande gani, na kati yake na cha jirani kuna matuta mangapi.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima. Alama ya eneo la tukio huchambuliwa kwanza, peke yake, kabla mtaalamu hajaiona alama ya mtuhumiwa. Anaandika anachokiona: hapa pameeleweka, hapa pamefifia, hapa kidole kiliteleza. Baada ya hapo ndipo analinganisha, anapima uzito wa alichokiona, kisha mtaalamu wa pili anaanza upya kuhakiki.

Mfuatano huo ukivurugika, madhara yake ni makubwa. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, Hispania, na kuua zaidi ya watu 190. Alama ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. Kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilirudisha majina 20, na mmoja wao alikuwa wakili wa Oregon, Marekani. Wataalamu watatu wa FBI wakasema ni yeye. Mtu huyo alikamatwa Mei 6. Mtu huyo alikamatwa Mei 6. Polisi wa Hispania hawakuridhika, wakaendelea kuchunguza, na mwezi huohuo wakaitambua alama ile kuwa ya raia wa Algeria. Wakili aliachiwa, FBI ikamwomba radhi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wataalamu, wakishaiona alama ya wakili, walirudi kwenye alama hafifu ya mfuko na "kuona" mambo ambayo hayakuwemo. Mimi huwaeleza vijana wanaojifunza kazi hii kisa hicho kabla hata hawajashika brashi.

Kuhusu kuziinua alama zenyewe: kwenye kioo au bati lililopakwa rangi unga hutosha, kisha mkanda wa gundi huihamishia kwenye kadi. Karatasi hutiwa kemikali ya ninhidrini, ambayo hukutana na mabaki ya jasho ikageuka zambarau. Plastiki huwekwa ndani ya kabati lenye mvuke wa supaglu, na alama hutokea nyeupe. Kwa hiyo ukiibiwa usifagie, usifute meza, usirudishe droo mahali pake. Kama ni lazima kitu kiondolewe kisije kikanyeshewa, kishike pembeni pasiposhikwa kwa kawaida, ukiweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu.

Majibu tunayotoa huwa matatu: alama imetoka kwa mtu huyu, haikutoka kwake, au haitoshi kusema lolote. Jibu la tatu huwaudhi wapelelezi na ndugu wa waathirika, lakini ni jibu halali, na mtaalamu asiyelitoa kamwe anapaswa kutiliwa shaka.

Tena alama haina tarehe. Alama ya mteja juu ya kaunta ya duka anakonunua sukari kila siku haisemi kitu. Alama yake upande wa ndani wa droo ya pesa, nyuma ya kaunta asikoruhusiwa kufika, hiyo inahitaji maelezo, na ni hakimu atakayeyapima pamoja na ushahidi mwingine.