Maana ya "mwangalizi" katika ndege za kwanza za kivita

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwangalizi alikuwa mtu wa pili ndani ya ndege ya viti viwili. Rubani aliiongoza ndege, naye mwangalizi ndiye aliyefanya kazi ambayo ndege ilitumwa kuifanya: kutazama majeshi ya adui, kutia alama kwenye ramani, kupiga picha na kuelekeza mizinga. Hakuwa abiria. Katika jeshi la Ujerumani mwanzoni mwa vita, mwangalizi kwa kawaida alikuwa ofisa na ndiye aliyeamuru safari, ilhali rubani aliweza kuwa sajini tu, akihesabiwa karibu sawa na dereva. Hata Manfred von Richthofen, anayekumbukwa kwa urubani, mwaka 1915 alianza akiwa mwangalizi. Waingereza, kwa upande wao, walimweka mwangalizi kiti cha mbele katika ndege ya B.E.2c, katikati ya nguzo na nyaya za mabawa, mahali pabaya kabisa kwa mtu aliyetakiwa pia kujihami kwa bunduki.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta, nyuma ya mikoko, na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya maji mafupi, ziliingia mtoni kuipiga bila kuiona. Tarehe 11 Julai 1915 ndege kutoka kisiwa cha Mafia ilipaa ikiwa na rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold. Kila kombora lilipoanguka, Arnold alipima kwa macho limekosea upande gani na kwa umbali gani, kisha akaipasha Severn habari kwa simu ya upepo, yaani redio, akigonga alama za Morse, ili wapigaji wainue au washushe mdomo wa mzinga. Simu za ndege za wakati ule kwa kawaida zilituma tu bila kupokea. Mwangalizi alijua amesikika pale tu kombora lililofuata liliposogea.

Königsberg nayo iliitungua ndege hiyo. Injini ilipozima, Cull aliielekeza ilipo Mersey ikishuka bila nguvu, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipoangukia mtoni, ambako wote wawili waliokolewa. Severn ilikwisha kuipata shabaha, na siku hiyohiyo Königsberg ikateketea.