Maji yakigeuka kijani: maswali na majibu

Ziwa limetanda utando wa kijani. Nikiyachemsha maji yake si yatakuwa salama?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini sumu ya utando huu haiondoki kwa kuchemshwa. Tena joto hupasua chembe zilizoibeba, sumu ikamwagika majini, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea. Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake, Marekani, wanaotegemea Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba, na wakaonywa wasiyachemshe.

Utando wenyewe ni nini?

Tumezoea kuuita mwani, ila mara nyingi ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wakiwa wachache hawana neno. Wakizaliana kupita kiasi, maji huonekana kama yamemwagiwa rangi, na ukingoni hujikusanya povu zito linalonuka. Baadhi hutoa maikrosistini, sumu ya ini; wengine hutoa sumu ya mishipa ya fahamu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo uogope wote.

Wanashamiri kwa nini?

Tunawalisha sisi wenyewe. Mbolea inayosombwa na mvua, samadi na maji ya vyoo yasiyosafishwa huingiza fosforasi na nitrojeni. Maji yakiwa vuguvugu na yametulia, wanaongezeka upesi. Wakifa, kuoza kwao hula oksijeni na samaki hukosa hewa.

Nani yuko hatarini zaidi?

Watoto. Hucheza kwenye kina kifupi, palepale upepo unaposukumia utando, na humeza maji. Mifugo na mbwa nao hufa wakinywa. Kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hatari ni kubwa mno: mwaka 1996, huko Caruaru, Brazili, makumi walikufa kwa sababu maji ya mashine yalikuwa na sumu hii.

Mtoto ameshaogelea. Nifanye nini?

Msuuze mara moja kwa maji safi na sabuni, na nguo zake uzifue. Akipata vipele, macho mekundu, kutapika au kuhara, mpeleke kituo cha afya na umweleze daktari kwamba aliogelea kwenye maji ya kijani. Usisubiri aulize, dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine mengi.