Msisubiri Mpaka Mgonjwa Akate Kauli

Familia nyingi hufika kliniki yetu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, na maneno yale yale: "Hospitali wamesema tumrudishe nyumbani." Mgonjwa anakuwa amebakiza siku chache. Tunamtuliza maumivu, tunawafundisha kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, na chupa ya dawa haijafika hata nusu, tunapigiwa simu ya msiba. Huwa naumia nikifikiria ile miezi aliyolia usiku kucha ilhali dawa ya kumtuliza ipo.

Wengi wanadhani tiba shufaa ni mahali pa kungojea kifo, na kwamba ukimleta baba huku umeshamzika moyoni. Siyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma hii ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anaweza kuendelea na mionzi huku sisi tukimshughulikia maumivu na hofu zake. Na si saratani peke yake. Wapo wenye figo zilizofeli, wenye moyo uliochoka, waliolazwa na kiharusi.

Sasa mje lini? Mimi huanza kwa kuuliza habari za usiku. Mchana wageni wanaingia na kutoka, na mgonjwa anajikaza. Binti mmoja alinilalamikia kwamba baba yake amekuwa mkaidi, kitanda hataki, analala ameketi kwenye kiti cha plastiki kaegemea ukuta. Mzee hakuwa mkaidi. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo, na kila akilala chali alihisi kama anachomwa visu. Tulimwanzishia morfini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, na wiki haikuisha akarudi kitandani.

Dalili nyingine mtaziona wenyewe: analazwa mara kwa mara kwa tatizo lile lile, anapumua kwa shida, nguo zinampwaya, zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani. Mtazameni na anayemuuguza. Akianza kulia jikoni peke yake, muda umefika.

Morfini inaogopwa bure. Mgonjwa mwenye maumivu makali akiinywa kwa maelekezo ya daktari hageuki teja, wala kipimo sahihi hakimharakishii kifo. Ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Siku za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, kisha hupungua. Choo ndicho husumbua muda wote, kwa hiyo lazima aandikiwe na dawa ya kulainisha choo. Jirani zetu Uganda wanaitumia majumbani tangu miaka ya 1990, na kuanzia 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika.

Kuna kikao cha ukoo ninachokifahamu vizuri, kile cha kuuza kiwanja ili mgonjwa apelekwe India. Sisemi msiuze. Nasema kabla ya kuuza, mwulizeni daktari waziwazi: matibabu haya yatamponya, yatamwongezea muda, au hayatabadilisha kitu? Kisha mwulizeni mgonjwa mwenyewe anataka nini. Mara nyingi kila mtu kikaoni anaujua ugonjwa isipokuwa yeye, ambaye pengine angependa kurudi kijijini, kumwona mdogo wake, au kuandika wosia akiwa bado na kauli yake.

Rufaa mnaweza kuiomba wenyewe kwa daktari anayemtibu; msingoje aitaje yeye. Mkija, leteni majibu ya vipimo na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, hakuna atakayewagombeza. Na aje yule anayelala naye chumba kimoja, maana yeye ndiye anayejua usiku unavyokwenda.