Furaha ya mtu haiko kwenye meno

Mwanafunzi wa sanaa hapa Kigoma akishika kamera, neno lake la kwanza ni "Cheka basi!" Anaamini picha ya furaha ni meno, na asiyecheka ana huzuni. Sivyo. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha picha za nyuso alizozichochea kwa umeme, akaeleza kwamba mdomo hutii amri, lakini msuli unaozunguka jicho hukaza kwa furaha ya kweli. (Wapo wanaoweza kuukaza kwa makusudi, kwa hiyo nao usiuamini moja kwa moja.)

Nenda Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, umwone mama anayeanika dagaa. Ukimwambia acheke, shingo inakakamaa, mikono haijui iende wapi. Mwamkie, mwombe ruhusa, kisha mwache aendelee na kazi. Mwenzake akimtania, mashavu yanapanda na ngozi ya pembeni mwa macho inajikunja. Hapo ndipo ubonyeze.

Mwanga nao hudanganya. Jua la saa sita hutia kivuli machoni, mtu mchangamfu akaonekana amenuna. Subiri saa kumi na moja jioni, jua likielekea upande wa Kongo. Simu ya kawaida inatosha, mradi lenzi umeifuta.