Kuvuta Pekee Hakutoshi: Jinsi Mpindo Unavyochora Ruwaza za Feroelektriki

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu feroelektriki (vitu vyenye mgawanyo wa chaji wa kudumu unaoweza kugeuzwa kwa uga wa umeme) zenye unene wa matabaka machache ya atomu ni hili: zinaweza kunyooshwa kwa asilimia ngapi kabla ya kupasuka? Ni swali la haki, lakini anayetaka kupanga maeneo ya polarizesheni, yaani sehemu ambazo chaji zake zimeelekea juu na nyingine chini, hana budi kuangalia zaidi jinsi unyooshaji unavyobadilika kutoka mahali hadi mahali.

Tuchukue CuInP2S6, fuwele ya matabaka yenye shaba, indiamu, fosforasi na salfa. Ndani ya kila tabaka, ioni ya shaba hukaa juu au chini ya katikati, na nafasi hizo mbili zina nishati sawa. Ukilinyoosha tabaka sawasawa, utabadilisha umbali wa ioni kutoka katikati, na pengine halijoto ambayo mpangilio wake huvurugika (kwa kawaida karibu nyuzi 42 za Selsiasi), lakini hujaipa ioni sababu ya kuchagua juu badala ya chini. Mpindo ndio unaoivunja sare hiyo, kwa sababu upande wa nje hunyooka na wa ndani hubanwa, na tofauti hiyo husukuma chaji kama ambavyo uga wa umeme ungefanya.

Kipande chenye unene wa nanometa 10, kikipindwa kwa nusu kipenyo cha mikrometa 1, hunyooka kwa asilimia 0.5 tu usoni. Kipande chenye unene wa milimita 1 kingelazimika kunyooka kwa asilimia 50,000 ili kipate mpindo huohuo, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo tukibandika kipande chembamba juu ya mpira uliovutwa, kisha tukauachia, makunyanzi yanayojitokeza huwa na migongo na mabonde yaliyopinda kinyume, na polarizesheni huweza kufuata mistari hiyo. (Hesabu yangu inachukulia kwamba matabaka yameshikana, kwa kweli huteleza, hivyo uso hunyooka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, ingawa kila tabaka hubaki na mpindo wake.)

Kwa boroni nitraidi mambo ni tofauti. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba matabaka yake mawili yakiwekwa kwa msokoto mdogo, yaani moja likizungushwa kidogo juu ya jingine, huwa feroelektriki, kwani polarizesheni hutokana na atomu ipi imekaa juu ya ipi, na maeneo yake hujipanga kama pembetatu. Msokoto wa nyuzi 0.1 hutoa ruwaza inayojirudia kila nanometa 140 hivi. Lakini kunyoosha tabaka moja kuliko jingine kwa asilimia 0.1 tu kuna uzito sawa na msokoto wa nyuzi 0.057, na pembetatu hurefuka upande mmoja. Ndiyo maana nikiona picha ya pembetatu zilizorefuka upande mmoja, hukadiria unyooshaji kwanza kabla sijauliza msokoto ulikuwa wa nyuzi ngapi.