Ukija kututembelea usiulize tuna aplikesheni ngapi

Wiki iliopita tumepokea wageni tena, vijana wa chuo na mwalimu wao, hata hawajakaa vizuri swali lishakuja: "Mna aplikesheni ngapi?" Wallahi nshachoka. Kabla yao mjumbe wa bodi kauliza hilohilo. Mie nipo kitengo cha ubunifu wa kidijitali cha kampuni kubwa ya usambazaji hapa Mjini, unga, mchele, mafuta ya kula, tunapeleka madukani Unguja na Pemba, na kila anaekuja anapiga picha ule ubao wetu wenye vikaratasi vya njano halafu huyo, kesharidhika.

Aplikesheni tunayo, moja. Wenye maduka hawaitaki, wanatuma voisi ya WhatsApp, "niletee kumi kama za juzi." Na sio kwamba simu janja hawazijui, hilo nalo linaniudhi! Muuzaji wetu anajua nani wa kumkopesha mpaka mwisho wa mwezi na nani hapana, aplikesheni inataka pesa kwanza. Tukajaribu USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli, ujumbe mmoja mwisho herufi 182, maelezo ya deni hayaenei. Tuyaache hayo.

Karani wetu wa ghala la Chake Chake, kule Pemba, mama mtu mzima, ana kaunta buku yake na ndani yake kuna mstari wa kalamu nyekundu: magunia yaliyochanika au kuroa njiani. Mfumo unasema yapo 200, yeye anajua 193. Mfumo haukuwa na pahala pa kuandika gunia limechanika, basi hivyo tu. Sasa mtu wa Wete anaagiza kwenye aplikesheni mzigo ambao haupo, anakasirika, anarudi kwenye voisi zake, na sisi Mjini tumekaa tunabishana rangi ya kitufe.

Kuongeza kisanduku kimoja kwenye mfumo ilikuwa kazi ya siku tatu pamoja na kupima. Kukubaliwa, miezi minne! Maana ukishaandika gunia limechanika lazima lichanike juu ya mtu: ghala la Unguja, wenye chombo, au mahamali? Kila mmoja anamtazama mwenzake, na uhasibu hasara yenye mwenyewe hawaitaki, isiyo na mwenyewe inamezwa kimyakimya hesabu za mwisho wa mwaka. Vikao vile vya miezi minne ndo kazi yetu yenyewe, sasa mgeni nimuoneshe nini, kisanduku?

Mwalimu wa wale vijana akaniletea Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi, ile hadithi ya kila semina, ati walilala, Steve Jobs wa Apple akaja kutembea maabara yao ya Palo Alto 1979 akawaibia kompyuta ya vidirisha na mausi. Kwanza hakuiba, Xerox walipewa nafasi ya kununua hisa za Apple ndo wakafungua mlango. Na mausi mtafiti Douglas Engelbart kaionesha hadharani tangu 1968. Lakini kubwa zaidi, maabara hiyohiyo ndo iliyotoa printa ya leza, kazi ya Gary Starkweather, wakubwa wake wa mwanzo humohumo Xerox walikuwa hawaitaki mpaka akahamia Palo Alto. Imeingia sokoni 1977, yaani Jobs anafika kitu kishauzwa, na kimewaingizia Xerox pesa nyingi mno. Nani anaihadithia? Printa haina mvuto yakhe, inatoa karatasi tu.

Na mie nisijifanye msafi. Malalamiko ya Pemba yamepungua kweli, ila miezi ileile mzalishaji alibadilisha magunia, haya mapya magumu zaidi, kwa hiyo sifa ni ya kisanduku au ya gunia siwezi kukuapia. Kwenye ripoti tumeandika ni sisi. Kuna siku naona bora tuvunjwe, nusu waende uhasibu nusu ghalani, halafu nakumbuka uhasibu kisanduku kile kisingetoka hata mwaka.

Mwezi uliopita nilikwenda Chake, nikamkuta yule mama anaingiza magunia kwenye mfumo vizuri kabisa, akimaliza anavuta kaunta buku anaandika tena kwa nyekundu. Nikamwambia mama, si kishaingia huku? Hata hakuinua uso.

"Umeme ukikatika mwanangu, utakuja kuhesabu weye?"