Maji kwanza, mafuta baadaye: namna ya kutunza nywele za asili

Binti wa miaka 6 aliletwa kliniki na mama yake, kichwa kinang'aa. Alipoinama ili nimtazame utosini, tone la mafuta ya nyonyo liliteremka taratibu shingoni likaishia kwenye kola ya sare ya shule. Chini ya mafuta yale palikuwa na mabaka mawili ya mviringo, nywele zimekatikia karibu kabisa na ngozi, na magamba ya kijivujivu. Mama alikuwa akimpaka kila usiku kwa miezi miwili. Alianza na nazi. Jirani akamwambia nazi ni nyepesi mno, akahamia kwenye nyonyo, kisha msusi akamuuzia kopo la mafuta ya shea "ya kujaza uwazi".

Mtoto alikuwa na mapunye. Fangasi wa mapunye hukaa ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo mafuta hayamwondoi, na hata dawa nyingi za kupaka hazifiki. Tiba yake ni vidonge vya wiki kadhaa, kwa dozi inayopangwa kulingana na uzito wa mtoto. Sitasema mafuta yalimletea ugonjwa. Yaliuficha tu, na yakamchelewesha kufika hospitali.

Nimeanza na binti huyu kwa sababu, tangu wanawake wengi wa Dar es Salaam waache kuweka dawa za kunyoosha nywele na kurudi kwenye nywele zao za asili, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, nipake mafuta gani?" Nami huuliza kwanza: mara ya mwisho umezilowesha lini? Wengi hucheka. Wengine wanakumbuka ni siku walipofumua rasta, wiki tano zilizopita.

Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa darubini una umbo bapa, kama utepe uliosokotwa. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini mafuta hayo hupata shida kuteremka kwenye mizunguko yote ile, ndiyo maana shina huwa laini na ncha zikawa kavu kama katani. Kinachoulainisha unywele ni maji. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia yaliyokwisha kuingia yasitoke haraka, na kupunguza msuguano kitana kinapopita. Ukipaka shea juu ya nywele kavu, umeufunika ukavu ukabaki humo humo.

Kwa hiyo osha kwanza, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Zikiwa bado na unyevu, si za kudondosha maji, zigawe mafungu manne. Chukua mafuta kidogo, yasugue viganjani mpaka viganja ving'ae, kisha shika fungu moja na upake kuanzia nchani ukipanda juu. Ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote kichwani mwako. Nywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo ncha ya unywele wa sentimita 24 imeshapitia karibu miaka miwili ya jua, mito ya kulalia na misuko. Kichwa kizima chenye nywele za urefu wa kiganja hakihitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai au viwili. Kama foronya inaloa mafuta, umezidisha.

Na kabla ya kulaumu mafuta, tazama maji unayooshea. Mitaa mingi ya jiji hili inategemea visima vya maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinatoka ngumu, na mtu anakimbilia kununua kopo jingine. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni jagi moja tu, uone tofauti.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Kama ningeambiwa nichague moja, ningechagua nazi, na si kwa sababu mimi ni mtu wa Pwani. Mafuta mengi hubaki juu ya unywele. Ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya mpaka ndani. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha ulinganisho wa mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada ya kuosha. Hapo tu navunja kanuni yangu ya maji kwanza: huwashauri watu wayapake saa kadhaa kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Unywele ukiingia majini ukiwa umeshayanywa, hauvimbi sana, na kule kuvimba na kusinyaa kila mara ndiko kunakouchosha. Wapo wachache ambao nazi huwafanya nywele kuwa ngumu kama waya. Ukiwa mmoja wao, usilazimishe.

Aliyelelewa Pwani anajua yanavyopatikana: nazi inakunwa kwenye mbuzi, tui zito linakamuliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yapande juu, nyumba nzima inanukia. Yachujwe vizuri kwa kitambaa safi, maana mabaki ya tui yakibaki chupani mafuta yataharibika upesi. Huku kwetu hubaki majimaji karibu mwaka mzima, kwani huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Ukimpelekea shangazi Njombe atayakuta yameganda; mwambie hayajaharibika.

Shea haitoki kwetu. Mti wake huota katika ukanda wa savana unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, na ile ya kaskazini mwa Uganda huwa laini zaidi kuliko ya Afrika Magharibi. Ni nzito na hukaa juu ya unywele, kwa hiyo inafaa kufungia maji kwenye ncha na nywele nene, hasa wakati wa kipupwe hewa inapokauka kidogo. Wengi wanaipiga kwa mashine ya keki mpaka iwe kama krimu, kama wanavyoona kwenye video za Ulaya. Inapendeza, ila Februari, saa nane mchana, krimu ile ikiwa kwenye mkoba ndani ya daladala inageuka mchuzi. Ikipoa tena inakuwa na chembechembe kama mchanga. Chembe hizo hazina madhara. Weka bakuli la shea juu ya sufuria ya maji ya moto, iyeyuke yote, kisha iingize kwenye friji ipoe haraka.

Nyonyo ndiyo yenye sifa kubwa na ushahidi mdogo. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, ndiyo maana ni mazito na yananata. Hufunika unywele vizuri na kuupa mng'ao, lakini hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba yanaotesha nywele. Yakichanganywa na nazi, sehemu moja ya nyonyo kwa tatu za nazi, yanafaa. Yakimwagwa mengi peke yake kwenye nywele ndefu zilizosokotana huweza kuleta balaa: imewahi kuripotiwa nywele kugandana ghafla zikawa kama kiota, na mkasi ukawa ndiyo dawa. Jambo jingine, na hili si la urembo: mbegu za mbarika, mmea unaotoa mafuta ya nyonyo, zina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo hubaki kwenye mashapo, haimo kwenye mafuta yaliyotengenezwa ipasavyo, lakini usikamulie nyumbani penye watoto.

Ubuyu, mlonge, parachichi, ufuta: yote yanafaa kufungia maji, chagua kwa mfuko wako na pua yako. Mafuta makali ya kunukia kama karafuu au mchaichai yasiguse ngozi yakiwa matupu. Matone sita kwenye vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kawaida yanatosha, na ujaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili.

Mtakaobishana nami mtabishania hapa: ngozi ya kichwa, kwa watu wengi, haihitaji kupakwa mafuta. Najua mama zetu walitupasua njia na kutupaka mstari kwa mstari, na wengine tuliipenda siku ile kuliko Idi. Lakini mba husababishwa kwa sehemu kubwa na aina ya fangasi, Malassezia, anayeishi kwa kula mafuta. Ukiona unga mweupe ukaongeza mafuta, unga unalowa na kupotea siku mbili, huku mwenyewe umemwandalia karamu. Mba hutibiwa kwa shampuu yenye dawa, iachwe kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Na vile vipele vidogo vinavyopanga mstari pajini mara nyingi ni mafuta ya nywele yaliyoshuka kwa jasho.

Uwazi unaoanzia pembeni mwa paji nao una sababu yake, na mara nyingi ni kuvutwa. Msuko ukiuma usiku ule wa kwanza, umebana, fumua. Hakuna kopo litakalorudisha shina la nywele lililokwisha kugeuka kovu.

Kuhusu kununua: tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kopo liwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ya kupimiwa sokoni, yanuse kwanza. Yakitoa harufu ya mafuta ya maandazi ya juzi, rudisha.

Ukipata mabaka, maumivu, usaha, au nywele zikitoka na kuacha ngozi laini inayong'aa, njoo kliniki mapema. Fumua msuko kabla ya kuja, na siku hiyo usipake chochote, kwa sababu tunakwangua magamba ili kuyapima na mafuta yanatuharibia kipimo. Kopo unalotumia lilete, hata kama limeisha.